Dawa Isiyogawanywa

Nyumbani kwetu, milimani juu ya Soni, mtu hakula kitu peke yake mbele ya wengine. Yai moja la kuchemsha liligawanywa, na mgeni aliyekuta watu wanatafuna naye alitafunishwa. Mama hakuwahi kutufundisha sheria hiyo kwa maneno. Tuliikuta kama tulivyoikuta miteremko ya shamba letu. Baadaye, nilipoanza kusoma peke yangu habari za vijidudu na dawa zinazoviua, nilielewa habari hizo kwa kuanzia hapo.

Miaka michache baada ya Vita vya Pili, dada yangu mkubwa alirudi kwa Mama kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mtoto alizaliwa salama. Siku chache baadaye dada akaanza kutetemeka, tumbo la chini likamuuma, na uchafu uliomtoka ukawa na harufu mbaya. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, Mbondei kutoka Muheza aliyependa utani, maana makabila yetu ni watani, alipanda mlima kumtazama. Alisema ni homa ya uzazi, akaacha vidonge vya salfa kwenye bahasha. Alimweleza Mama saa za kumpa, akasisitiza anywe maji mengi, na asiache dawa hata homa ikipungua.

Homa ilipungua kweli. Kisha ikarudi kwa nguvu. Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya Idara ya Misitu, na nilipofika nyumbani nilimkuta dada hanitambui. Niliteremka kumwita dresa.

"Shikamoo, mama," dresa alisema alipofika mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Dawa yako nzuri. Imetusaidia sote."

Dresa alikuwa ameshaushika mkono wa dada. Aligeuza kichwa. "Sote akina nani, mama?"

"Mdogo wao alikuwa anakohoa. Baba yao ana goti. Na jirani alikuja kumwona mzazi, akakuta tunameza. Aondoke hivi hivi?"

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa ndiye aliyetangulia. Kila mara tulianza na yeye."

Bahasha ilikuwa tupu. Dresa hakumgombeza, wala siku hiyo hakutania. Alituambia tutafute machela na watu wa kuibeba.

Tulimteremsha hadi hospitali ya Lushoto, tukipokezana mabegani kwenye njia yenye utelezi. Mama alifuata nyuma na mtoto kifuani. Daktari alisema sumu ya ugonjwa imeingia kwenye damu, na hakuahidi kitu. Penisilini ilikuwa imeanza kufika kwetu, wauguzi wakaanza kumchoma sindano mchana na usiku. Mimi nilisubiri kujua kama dada angeishi. Mama alisubiri hilo, na zaidi ya hilo alisubiri kujua kama ameua kwa mkono wake. Nililiona kwa jinsi alivyouliza, kila muuguzi alipomaliza, kama dawa yote imeingia.

Nimeifikiria mara nyingi ile bahasha. Dawa ikiwa pungufu mwilini, vijidudu huyumba tu, kisha vile vilivyobaki hunyanyuka na kuendelea. Aliyemgawia jirani kidonge alimpa kisichomfaa, na alimnyima mgonjwa kilichomfaa. Lakini dresa alieleza saa, akaeleza na maji. Kwamba dawa ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja hakueleza, kwa sababu alikotoka yeye hilo halikuwa swali.

Homa iliposhuka na dada akaomba uji, dresa alikuja kumjulia hali.

"Safari hii, mama," alisema, "dawa tumeificha ndani ya nyama. Jirani hataipata."

"Nyinyi Wabondei mmezoea kula mmefunga mlango," Mama alijibu. "Sindano lazima mliibuni nyinyi."

Lilikuwa neno lake la kwanza la utani tangu tulipoteremka.

Dada aliruhusiwa kurudi nyumbani, na akapewa vidonge vya kumalizia. Niliomba ruhusa kazini nikae nao, kwa kuwa niliogopa. Saa ya dawa ilipofika, Mama aliwaita wote waliokuwamo nyumbani, pamoja na mama mmoja aliyepita kuomba moto. Alimenya muwa, akaukata, akampa kila mtu kipande mkononi. Dada yeye akapewa kidonge na kikombe cha maji.

"Kila mtu ana chake," Mama alisema. "Haya, tuanze."

Dada aliwatazama walivyofyonza. "Mimi ndiye mgonjwa, na kichungu nipewe mimi?"

"Meza."

Alimeza. Mama alimwambia afunue mdomo, akatazama hadi chini ya ulimi, ndipo naye akauma muwa wake.