Siku Tuliyofunga Milango

Msimu wa kampeni ukifika, magari ya matangazo hupita hapa mtaani kwetu Kambarage tangu asubuhi. Watu wengine wameyazoea. Mimi gari likikaribia huacha kijiko, nikasikiliza kama kuna sauti nyingine chini ya ile ya spika. Chai inapoa. Wajukuu wananicheka, wanasema babu anapenda siasa.

Wao sijawaambia. Nikuambie wewe.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja kati ya Ushirombo na Katoro, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Nililelewa na bibi. Nyumba yake ilinukia moshi na viazi vikavu. Viazi alivikata vipande, akavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba mpaka vikawa michembe, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi. Mpaka leo nikitafuna michembe kwa karanga nalisikia joto la ule mwamba kwenye nyayo. Msimu wa pamba tulichuma mpaka vidole vikachanika, na jioni bibi alitupaka samli.

Lakini sauti niliyokua nayo ni ya mwano. Ndivyo Wasukuma tunavyoliita yowe la hatari, linalopigwa na mtu aliyevamiwa na wezi wa ng'ombe, au fisi, au moto. Ukiusikia mwano unaacha ulichoshika, nawe unaupiga ili wa mlima wa pili wasikie, halafu unakimbia kule mwano ulikotoka. Siku moja bibi, na ule mguu wake mbovu, aliutupa mwiko akatoka na mchi mkononi. Ugali ukaungua. Tulikula maziwa ya mgando na hakuna aliyelalamika. Nilipomuuliza alikuwa anamkimbilia nani, alinishangaa. "Wewe kimbia kwanza," alisema. "Kuuliza utauliza ukifika."

Nikasoma hadi kidato cha nne, nikarudi kijijini kuwa karani wa kununua pamba, na jina la Karani likanibaki hata ushirika ulipokufa. Nikaoa, nikapata mapacha. Bibi akafariki. Jirani yake, mama mjane aliyekuwa akinipa matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, nikiwa mdogo, akawa ndiye mama niliyebaki naye. Nilimwita Mayu, kama wanavyoitwa mama zetu kwa Kisukuma.

Shida yetu ilikuwa maji. Mashine ya kisima ilikuwa imenyamaza miaka mingi, na sisi tulichota kwenye duara, yaani shimo lililoachwa na wachimbaji wa dhahabu. Kingo zake zilimegwa na kila masika. Mwanamke alishuka kwa ngazi alizochimba kwa jembe, ndoo kichwani, mkono ukishika udongo. Barua za kuomba mashine itengenezwe niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, na hazikujibiwa.

Ukaja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, miaka ile ya tisini. Tukasikia mgombea atakuja, yule yule aliyekuwa akituahidi mashine. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakaitisha mkutano kwenye ghala la pamba lililobaki tupu. Vijana walitaka mawe. Mimi nikasimama nikasema hapana, mawe yatatuletea polisi. Tumpe kijiji kitupu. Aje asikute mtu, asikute moshi, asikute hata mbuzi. Azungumze na kuta.

Walipiga makofi mpaka mabati yakalia. Nikanogewa. Nikatunga na sheria: kila mtu achote maji jana yake, mifugo yote iingizwe ndani, na atakayefungua mlango kabla gari halijaondoka atatengwa. Kwetu kutengwa si mchezo. Hupewi moto, husalimiwi, na ukifiwa unachimba kaburi peke yako.

Mayu akanyoosha mkono. "Karani, na mwano je?"

"Mayu, siku hiyo hakuna mwano. Hata fisi akija atasubiri zamu yake."

Ghala lote likacheka. Yeye pia alicheka, akatikisa kichwa. "Mtoto huyu! Jana tu nilikuwa nakupangusa kamasi, leo unawapangia zamu mafisi."

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Tangu asubuhi hakukuwa na moshi hata mmoja, na sikuwahi kujua moshi ni sehemu kubwa kiasi gani ya kijiji mpaka ulipokosekana. Kuku tuliwafunika kwa matenga. Nilikaa ndani na mke wangu na mapacha wetu, Kulwa na Doto, wenye miaka sita, nikichungulia kwenye ufa wa mlango. Uwanja ulikuwa mweupe. Ilikuwa kama tumehama na nimesahauliwa mimi.

Gari lilifika likipiga muziki. Muziki ukazimwa. Mgombea akashika kipaza sauti.

"Shikamooni wazee!"

Miamba ikamrudishia: zee, zee. Akajaribu tena, akasalimia akina mama, akasalimia vijana. Miamba ikajibu vile vile. Vijana wake wakashuka, wakaanza kugonga. "Hodi! Hodi wenye nyumba!" Mmoja alifika mlangoni kwangu. Nilimsikia akihema upande wa pili wa mbao, karibu hivi kwamba ningeweza kumhesabia pumzi. Akamwambia mwenzake, "Wamo humu. Nasikia wananisikiliza."

"Wamo nani? Twende zetu bwana, hapa si pazuri."

Nilitabasamu gizani. Ndipo mwano ukapigwa.

Ulitoka upande wa duara, na ulikuwa na kitu kibaya: haukuja kwa juu, ulikuja kama unatoka ardhini. Mke wangu akasimama.

"Baba Kulwa, ule ni mwano."

"Ni hao vijana wa gari. Wanatutega tutoke."

"Vijana wa mjini wanaujulia wapi mwano?"

"Kaa chini."

Ukapigwa mara ya pili. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba sikuitambua ile sauti. Niliitambua. Niliitambua kama ninavyoitambua sauti yangu. Nilikuwa nimeshika komeo la mlango, na nje nilimwona mgombea amesimama kando ya gari, uso umemshuka, anaangaza huku na huku kama mtu aliyeingia makaburini bila kujua. Alikuwa karibu kuondoka. Nilijiambia, dakika chache tu. Mke wangu alikuwa analia bila sauti, na Kulwa alikuwa ananitazama mkono.

Mara ya tatu haukuwa mwano tena. Ilikuwa sauti ya chini, kama ya mtu anayeongea na mtoto.

Gari likawashwa, likageuka, likapotea na vumbi lake. Nilifungua komeo. Na hapo niliona jambo ambalo hunijia mpaka leo: milango yote ya kijiji ilifunguka kwa pamoja, na watu wote wakakimbia kuelekea duara. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ni wapi. Hakuna aliyepiga yowe. Mamia ya nyayo tu kwenye udongo mkavu, mchana ule mweupe.

Ukingo wa upande mmoja ulikuwa umeshuka wote. Maji yalikuwa mekundu na yametulia. Ndoo yake ilikuwa inaelea. Tulichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono, na tulipompata Mayu mkono wake ulikuwa juu ya kichwa, kama bado ameshika ndoo.

Nyumbani kwake tulikuta sakafu imelowa tope. Ndama, aliyeingizwa ndani kwa amri yangu, alikuwa amelipindua pipa la maji.

Nilingoja watu wanitenge. Nilitaka wanitenge. Badala yake walinisalimia kama kawaida, na makaburini walinipa jembe zamu yangu ilipofika. Ila mzee mmoja wa sungusungu aliniambia taratibu, bila hasira, "Karani, sisi sote tulisikia. Tulikuwa tunautazama mlango wako."

Mgomo wetu ulifaulu. Habari za kijiji kisichoitika zilimfuata yule mgombea kila alikokwenda, na kabla ya kura fundi aliletwa, mashine ikawaka. Siku maji yalipotoka bombani wanawake walipiga vigelegele. Vilianza vizuri, kisha mmoja akanyamaza, na mwingine, mpaka ikabaki mashine peke yake ikinguruma.

Mwano uliendelea kupigwa baada ya hapo, wezi wa ng'ombe walikuwapo. Watu walitoka. Lakini kila mmoja alisimama kwanza kizingitini, akatazama jirani ametoka au la, ndipo akakimbia. Ni kitambo kidogo tu, kama cha mtu kuvaa viatu. Bibi yangu hakukijua.

Mwaka jana nilipita kule kijijini. Duara limefukiwa kwa takataka, na juu yake vijana wa bodaboda wanangoja abiria wa kwenda Katoro. Nyumba ni za bati na saruji, zina mageti, kila moja na ukuta wake. Nilimuuliza msichana mmoja aliyekuwa anauza vocha kama bado wanapiga mwano. "Shikamoo babu. Mwano ndiyo nini?" Nilinunua vocha, nikamwambia wabeja, yaani asante, nikaondoka. Sikuwa na uso wa kumweleza.

Sasa ninakaa kwa Kulwa. Gari la matangazo likipita, huinuka nikafungua mlango wa mbele wote, nikasimama kizingitini mpaka lipotelee huko. Yeye hajawahi kuniuliza kwa nini. Juzi lilipopita nilisikia nyuma yangu komeo likivutwa, nikageuka. Kulwa alikuwa ameacha vyombo, mikono ina povu, ameufungua mlango wa uani na kusimama pale, shingo ameiinamisha upande, anasikiliza.