Theluji ya Unga wa Mchele

Juzi, katika nyumba ya wageni huko Mpanda, televisheni ya mapokezi ilikuwa ikionyesha filamu ya Krismasi: theluji inaanguka, baba anafika mlangoni na mizigo, watoto wanamrukia. Niliondoka kabla haijaisha.

Nilikuwa msichana mdogo nilipoona filamu kama hiyo kwenye video ya jirani yetu nesi, kule Kyela. Baba alikuwa amepanda meli kwenye bandari ya Itungi kwenda Malawi kutafuta kazi. Nikaelewa kwamba akina baba hurudi theluji ikianguka, na kwetu ilikuwa joto na mvua tu. Mchana huo nikachukua ungo wa unga wa mchele, uliokuwa bado unanukia kinu, nikaunyunyiza uani. Kuku wakaja mbio.

"We mtoto! Unga wa vitumbua vya Krismasi huo!" mama alifoka.

"Ni theluji, mama. Baba aione, aje."

Sasa najua kwamba wiki hiyo mama alikuwa amepata habari kuwa baba ameoa hukohuko Malawi. Alininyang'anya ungo, akaumwaga unga uliobaki kizingitini.

"Na hapa pia," alisema, "asije akaipita nyumba."