Picha ya Heshima

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa na miaka minane, na ndiye aliyeniombea kazi kwenye kampuni ya michezo ya kuigiza ya televisheni, ambako yeye hushona na kurekebisha nguo za waigizaji. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina mbele wala nyuma. Alimwambia bosi, "Huyu mwanangu haongei sana, lakini ukimpa waya hataukanyaga." Nikaanza kwa kubeba waya. Leo nina miaka arobaini na sita, na kamera kubwa naishika mimi. Kazi inanifaa. Mwenye haya akisimama nyuma ya kamera, hakuna anayemtazama.

Ukutani kwa shangazi kuna picha nyingi za harusi za wanawe na za watoto wa ndugu zake. Yumo katika zote, na katika zote ameinama akinyoosha pindo la gauni la bibi harusi. Ukitaka kumjua, tafuta mgongo. Uso wake uko kwenye kitambulisho tu, na hapo mwenyewe husema anafanana na mtu aliyekamatwa.

Mwaka jana mwigizaji wetu wa mama mkwe aliugua. Mwongozaji alimwona shangazi amekaa na pini midomoni, akamwambia, "Mama, wewe una sura ya mama mkwe hasa."

Shangazi akatoa pini moja moja. "Mwanangu, umama mkwe uko usoni au uko kwenye ulimi?"

Tukacheka, akapewa nafasi.

Kazi yake ilikuwa kuleta chai na kuondoka. Nilimpiga picha kama tunavyowapiga wanawake wote wa umri wake. Hakuna aliyeniandikia sheria hizo. Nilizikuta, nikazifuata. Mke kijana, kamera inamsogelea mpaka unahesabu kope zake, na taa tunaifunika kitambaa cheupe ili ngozi iwe laini. Mzee wa kiume tunampiga kutoka chini, aonekane kama mlima, na makunyanzi yake tunayaonyesha moja moja, maana kwake yeye ni hekima. Mwanamke mzee tunampiga kutoka juu, au akiwa mbali mlangoni, au mikono tu na sinia. Mhariri wetu, tunamwita Mkasi, humwachia nafasi ya kukohoa, kisha anarudi kwa vijana. Nilifanya hivyo miaka mingi na usingizi wangu haukupungua.

Halafu ikaja sehemu ya kumi na mbili. Humo mama mkwe anamweleza mke wa mwanawe kwa nini hataondoka kwenye nyumba ile. Nusu ukurasa mzima, yeye peke yake. Shangazi aliibandika karatasi mbele ya cherehani yake kwa wiki mbili. "Safari hii wataniona uso," aliniambia. "Na wewe baba ndiye utakayenipiga. Usinitoe kama kwenye kitambulisho."

Sasa niseme jambo la kazini kwetu. Muda ukiwa umekwisha, na mtu mzima bado anangoja zamu yake, na uso wake hautahitajika, tunampiga picha ya heshima. Mwongozaji anashika sikio. Maana yake: mwelekezee kamera, mwache aseme, usirekodi. Atafurahi, ataenda zake nyumbani.

Siku hiyo tulianza na mke kijana akisikiliza. Tulirudia mara saba, kwa mwanga mzuri wa dirishani. Mara zote saba shangazi alisimama pembeni ya kamera akisema maneno yake, ili yule binti apate kulia, na mtu wa sauti akayarekodi. Zamu yake ilipofika, jua lilikuwa limeshahama dirishani na mtu wa sauti alikuwa anakunja nyaya. Shangazi akakaa kwenye kiti, akaweka sawa kitambaa cha kichwani, akanitazama.

Mwongozaji akashika sikio.

Nilimtazama. Akalishika tena. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na kukibonyeza hakukuhitaji nguvu hata ya kuua mbu. Sikukibonyeza. Nikasema, "Tayari, shangazi."

Alianza kama ilivyoandikwa, kisha akaiacha karatasi. Akasema, "Nyumba hii nimeifagia miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama vumbi linanikaba." Akaendelea, maneno yake mwenyewe, polepole. Mtu wa sauti akaacha kukunja nyaya. Alipomaliza, mwongozaji akapiga makofi. Mimi nikajifanya nafuta kioo cha kamera.

Sehemu hiyo ilirushwa Jumapili, saa kumi alasiri. Shangazi aliwaita majirani, akavaa kitambaa kipya, akaniweka kwenye kiti cha karibu yake.

"Leo tumekaa na mtu mkubwa," jirani wa mlango wa pili akasema. "Tusije tukaombwa kiingilio."

"Wewe utalipa mara mbili, kwa mdomo huo."

Sauti yake ikaanza. Kwenye kioo cha televisheni alikuwa yule binti, machozi yanamtiririka kwenye mwanga wa dirisha. Sauti ikaendelea, binti akaendelea. Ikaonekana mikono ya shangazi na sinia, picha ya sehemu ya nyuma, mara moja. Ukaja uso wa baba mkwe, mkubwa, makunyanzi yote yamehesabiwa, naye hakuwa na neno hata moja la kusema. Halafu binti tena.

"Dada, mbona sauti yako, sura ya mtu mwingine?" jirani akauliza.

"Subirini. Yangu inakuja."

"Lakini huyu binti anajua kulia, jamani."

"Inakuja," shangazi akasema.

Likaja tangazo la sabuni.

Majirani walipoondoka nilimsaidia kuosha vikombe. Akasema bila kugeuka, "Baba, usijilaumu."

"Kwa nini, shangazi?"

"Siku ile niliona kitaa chekundu cha kamera yako hakijawaka. Nikajua umesahau. Nikafikiri, nikisema, mwongozaji atakufokea mbele ya vijana wa kazini, nawe nakujua, hutarudi kazini. Nikaendelea kama kimewaka. Nikaomba tu labda kitaa ndicho kibovu."

Mlango wa kusema nilisahau ulikuwa wazi, ningeweza kutokea hapo. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, nikakikausha ingawa kilikwisha kukauka.

"Sikusahau," nikasema. "Niliashiriwa nisirekodi. Nikatii."

Akafunga bomba. "Na yule mama aliyeugua?"

"Naye pia."

"Mara ngapi?"

"Sikumbuki. Nyingi."

"Na mmeipa jina, hiyo kazi?"

"Picha ya heshima."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu utoto wangu. Kisha akafuta meza.

Kesho yake niliazima kamera ndogo, nikamfuata kwenye chumba chake cha kushonea. Niliiweka karibu, usawa wa macho yake. Nikafunika taa kwa kitambaa cheupe. Nikabonyeza, nikamwonyesha kitaa kikiwa kimewaka.

"Sema tena, shangazi. Yale ya siku ile."

Alikitazama kitaa muda mrefu. "Yale sikuyaandika popote, baba. Yalikuja nikayasema. Wewe ulikuwa mbele yangu. Hebu nikumbushe."

Nilikumbuka la vumbi. Baada ya hapo sikukumbuka hata moja. Nilikuwa nimemwelekezea kamera tu, huku nikiutazama mkono wa mwongozaji kama umeshuka.

"Basi," akasema, si kwa hasira. Akavuta gauni lililokuwa linamngoja, akainamia cherehani.

Kamera ilikuwa bado inarekodi, na sikuwa na ujasiri wa kuizima. Picha hiyo ninayo. Ni dakika nne. Uso hauonekani. Mgongo umetoka vizuri.