Kadi Moja, Mimi na Mama Mkwe

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, nimeshazoea, ukweni kwangu Bungoma hadi leo shemeji zangu wananiita "Kadi" na sina la kujitetea.

Mke wangu Nekesa alikuwa amejifungua, mama yake akaja kwetu Kitale kumsaidia, akakaa mpaka mtoto akapata nguvu, halafu akataka kurudi kwake. Sasa, wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima huku, na kwetu watu wa Nyeri kumpa mama mkwe mkono si neno. Lakini kwa kina Nekesa mkwe na mama mkwe hawagusani kabisa (mle nyumbani mimi nikiingia sebuleni yeye anatoka kwa mlango wa jikoni, kutwa nzima tunakwepana hivyo). Na mama mwenyewe macho yake yamefifia, simu hana. Nekesa akaniambia, "Kamau, mfikishe hadi kwa ndugu zangu. Ukimpoteza mama, usirudi hapa."

Tukaenda na treni, ile ya abiria iliyokuwa kwenye majaribio. Tiketi ya karatasi hakuna: una kadi yako umeitia pesa, unaigusisha kwenye mashine getini unapoingia, na ukishuka unaigusisha tena, ndipo inakata nauli ya ule mwendo uliosafiri. Yangu nilikuwa nayo. Ya mama ilibidi tupange foleni, na foleni ilikuwa imefika barabarani, na treni ishapiga honi. Nikajiambia, si kadi ina pesa ya kutosha, nitaigusisha mara mbili, yake na yangu, yaishe. Hapo ndipo nilijimaliza.

Nikaigusisha, taa ya kijani, mama akapita na kikapu chake. Nikaigusisha tena. Nyekundu, na mashine ikalia kama mbuzi amekanyagwa. Dada aliyesimamia geti akaja.

"Hii kadi imeshaingia."

"Imeingia wapi na ninayo mkononi?"

"Mashine inajua mwenye kadi yuko ndani, bana. Kadi moja, mtu mmoja. Nenda ununue ingine."

"Yule ni mama mkwe wangu! Haoni vizuri!"

Lakini mama alikuwa ameshashikwa mkono na abiria mmoja msamaria, anapandishwa behewani. Nikaruka geti. Yaani nilijaribu kuruka, suruali ikanasa, nikabaki nimening'inia pale mguu mmoja ndani mmoja nje, askari ananivuta nyuma, watu wametoa simu wananirekodi, nami napiga yowe "Mama! Mama!" kama mtoto wa nasari. Treni ikaondoka.

Nilimwona akilini akishuka kwenye stesheni asiyoijua, akipapasa ukuta, akikanyaga reli akidhani ni barabara. Na hata akifika Bungoma, kadi ya kumtolea iko kwangu! Bahati yangu moja ni kwamba treni inazunguka sana, mpaka Leseru, Turbo, Webuye, na pikipiki inakata moja kwa moja. Nikapanda boda. Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, sikuona kitu, lori likitupita nafumba macho, na simu ikiita mfukoni (Nekesa, nani mwingine) naiacha iite.

Bungoma nikawakuta shemeji zangu wawili wanangoja nje ya geti. "Mama yuko wapi?" Nikawaonyesha reli.

Treni ikaingia. Watu wakatoka, wakaisha, mama hayupo. Kisha nikamwona nyuma kabisa, mhudumu amembebea kikapu. Nikaita, "Mama, niko hapa! Kadi hii hapa!" nikainyoosha juu ya geti, nikiishika kwenye ncha ili vidole visigusane.

Hakuchukua kadi. Alinikamata mkono, mkono wote, akauvuta kwake, kisha akaanza kunipapasa uso mbele ya umati, macho, masikio, kidevu.

"Kamau? Ni wewe? Uko mzima?"

"Niko mzima, mama."

"Nirisikia ukipiga kelele, treni ikaenda. Nirijua imekukanyaga." Akalia. "Njia yote nirikuwa najiuliza, huyu mtoto wa Nekesa atamwita nani baba?"

Kumbe alikuwa na hofu kubwa kuliko yangu. Nami nikalia, tumeshikana hivyo, geti katikati yetu, mashine inapiga kelele, shemeji mmoja amegeukia ukuta kwa aibu na mwingine anasema, "Mwachilie mama, wewe! Watu wanaona!"

Wazee wa ukweni walikaa, nikaambiwa nipeleke kondoo wa kutusafisha kwa kugusana kule, nikapeleka bila kubishana. Ila nimeapa: sigusishi kadi popote kabla sijaona kila mtu wangu ameshika yake mkononi, na treni ikitaka kwenda, iende.