Vyumba Viwili vya Bunge

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Märsta, mji mwingine huku ughaibuni. Alikuwa na kazi ya shule: aeleze bunge la Kenya, nchi ya babu yake. Mama yake, binti yangu, hajasema nami tangu alipohama kutoka hapa Fittja na mtoto huyo akiwa mdogo, miaka saba sasa. Mimi ndiye niliyemfukuza, kwa ajili ya mchumba wake niliyemkataa hata bila kumsalimu.

"Bunge letu lina vyumba viwili," nilianza.

"Två rum, vyumba viwili? Kama nyumba yako, Babu?" Akacheka. "Nani analala kwenye kile kingine?"

"Hakuna mtu."

Nikamweleza upesi kwamba vyumba hivyo ni mabaraza. Katika Bunge la Taifa, kila eneo bunge humchagua mbunge wake, na kila kaunti mwakilishi wa wanawake. Katika Seneti, kila kaunti, iwe kubwa iwe ndogo, huchagua seneta mmoja. Vyama huteua wengine wachache. Mswada unaogusa kaunti lazima upite katika mabaraza yote mawili.

"Wakikosana je?"

"Huunda kamati ya upatanisho. Kila upande hutoa idadi sawa ya watu, wakakaa chini kujadiliana."

Nikatazama mlango wa kile chumba kingine. Nyumbani kwangu niliamua peke yangu.

"Babu, upo?"

"Nipo. Mama yuko karibu?"

"Anapika. Anatusikia."

"Muulize kama atakubali nimwombe msamaha."

Nilisikia mwiko ukiwekwa chini, kisha hatua zikisogea karibu na simu. Lakini simu haikukatwa.