Fundi wa Betri Niliyemwonea Wivu

Safu yangu ya gazetini ya wiki hii nilikuwa nimeshaimaliza. Ilihusu betri za sodiamu, zile ambazo watafiti wanazitengeneza kwa kitu kilichomo katika chumvi ya kawaida, ili dunia ipunguze kuitegemea lithiamu. Nilikuwa naipitia kwa mara ya mwisho, Alhamisi saa tatu asubuhi, simu ilipoita. Aliyepiga ni mvuvi mmoja wa kijiji cha Lipingo, ziwani, mume wa fundi wa betri ambaye wengi wenu wa Mbinga na kando ya ziwa mnamfahamu kuliko mnavyonifahamu mimi. "Mwalimu, mwenzangu ametutoka," alisema. "Leo alfajiri, hospitalini. Presha ilipanda, haikushuka tena." Nilimpa pole, nikamwuliza mazishi ni lini. Nikiwa bado nimeshika simu, kabla huzuni haijafika, nilihisi nafuu. Ndiyo, nafuu: kwamba yule aliyekuwa akinishinda miaka yote hatanishinda tena. Ilidumu kwa pumzi moja tu, kisha nikaketi kitandani na kulia. Lakini ile pumzi moja niliisikia, na kwa sababu hiyo ile safu ya sodiamu nimeiweka kando.

Tulisoma shule moja Kigonsera, yeye nyuma yangu madarasa mawili. Wazazi wetu walilima kahawa kwenye mteremko mmoja, na Jumapili tulikaa kanisani mabenchi ya karibu. Mimi ndiye niliyekuwa nasifiwa. Nilifaulu, nikaenda chuo kikuu, nikaandika tasnifu kuhusu betri ya zinki ambayo ingeweza kuchajiwa tena na tena. Kwenye maabara ya chuo ilifanya kazi vizuri. Ilipofika wakati wa kuitoa nje, nikasema bado nairekebisha kidogo, na hadi leo tasnifu hiyo ipo kabatini kwangu ndani ya mfuko wa nailoni. Nilirudi nyumbani kufundisha fizikia, kisha nikaanza kuwaandikia ninyi. Yeye aliishia kidato cha nne. Alijifunza ufundi wa redio kwa mjomba wake sokoni Mbinga, akaolewa ziwani, akawa anapanda na kushuka: wiki moja kibandani kwake sokoni, wiki nyingine Lipingo. Tangu nilipoanza kushika chaki aliacha kuniita jina langu. "Shikamoo, Mwalimu," angesema, ingawa tulikaribiana umri, nami niliitikia marahaba bila kuona haya.

Siku ya kwanza niliyomwonea wivu naikumbuka vizuri. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbinga ile inayowafanya watu wavae makoti mchana. Nilipita kibandani kwake kutengenezewa simu, nikamkuta amepanga mezani seli kuukuu za kompyuta mpakato, amezibandika vipande vya karatasi vyenye namba. "Mwalimu, niambie kitu," alisema. "Seli hii nikiipima hapa, inatoa kidogo. Nikiipeleka ziwani kwenye joto, inatoa zaidi. Lakini zile zinazokaa ziwani zinakufa mapema kuliko za huku. Kwa nini?" Nilimweleza kwa kirefu jinsi baridi inavyopunguza mwendo wa kemikali na jinsi joto linavyoichakaza seli. Nilieleza vizuri, kueleza ni kazi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe. Basi sanduku la betri la mtumbwini lisipigwe na jua." Wiki iliyofuata alikuwa ameunda sanduku la mbao lenye kuta mbili na nafasi ya hewa katikati, amelipaka rangi nyeupe. Mimi nililijua jambo lile tangu chuoni na nilikuwa nimelifundisha kwa vidato vingi. Wala halikuwahi kunipitia akilini kwamba linaweza kuwa sanduku.

Wavuvi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, wanahitaji taa za kuwavutia samaki usiku. Zamani walitumia karabai, wakanunua mafuta ya taa kila siku. Baadaye wakahamia taa ndogo za umeme zinazowashwa kwa betri za gari, nzito, zinazochoka baada ya msimu mmoja. Betri ya lithiamu ni nyepesi na hudumu, ila bei yake humkatisha mvuvi tamaa. Yeye alifikiri hivi: mvuvi hahitaji kumiliki betri, anahitaji mwanga. Akaweka mitambo ya jua juu ya paa la nyumba yao Lipingo, akawa anachaji masanduku mchana. Mvuvi analeta lililoisha, anachukua lililojaa, analipia matumizi tu. Mwanzoni walimcheka. Mzee mmoja wa Chiwanda alimwambia mbele yangu, "Mama, sanduku lako jepesi hivi, lina umeme au lina vitumbua?" Alicheka naye, akampa akalijaribu bure. Mzee yule alirudi kuchukua la pili la shemeji yake. Nami huku nilikuwa nawaandikia ninyi kwamba tatizo kubwa la betri duniani ni kutoka maabara kwenda sokoni, kwamba njia hiyo imewashinda wasomi wengi. Sikuandika kwamba namjua mtu anayeipita njia hiyo kwa kandambili.

Sasa nafika pale nilipokuwa nakwepa. Siku moja aliniletea sanduku nyumbani, akalifungua mezani kwangu. "Litazame, Mwalimu, kabla sijatengeneza mengine mengi." Nilitazama. Seli zinapounganishwa kwa mfuatano, kila moja inatakiwa ichungwe peke yake wakati wa kuchaji, maana ile iliyochoka hujaa kabla ya wenzake, na ikiendelea kusukumiwa umeme hupata moto. Yeye alikuwa ameweka ulinzi mmoja tu kwa sanduku zima. Niliona mara moja, kama unavyoona kosa la hesabu kwenye daftari la mwanafunzi. Alikuwa ananitazama usoni. Nilifunga mfuniko. "Kazi nzuri," nikasema. "Hongera."

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi, na jibu halibadiliki. Nilitaka apate mahali pa kushindwa. Sikutaka mtu aumie. Nilijiambia labda litavimba moja tu, atahangaika nalo, atakuja kuniuliza, nami nitamweleza kwa kirefu. Wiki ya tatu sanduku lililipuka Lipingo, karibu na vichanja vya kuanikia usipa. Aliwasukuma akina mama waliokuwa wanageuza samaki, akalivuta sanduku kwa mkono mpaka kwenye mchanga. Hakufa mtu. Mkono wake wa kushoto uliungua kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Wakati huohuo kampuni moja ya mbali ilikuwa inafikiria kumpa mtaji, ikaniomba maoni kama mtaalamu wa karibu. Niliyaandika kwa mwandiko safi. Nilitaja lile kosa kwa kina, nikaonyesha hatari yake, nikapendekeza wasubiri. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno niliandika kwa raha. Kampuni ikajitoa. Siku chache baadaye alikuja kwangu, mkono umefungwa bandeji, mwingine umeshika nakala ya maoni yangu aliyotumiwa na kampuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pole sana na ajali."

"Nimeshapoa." Aliiweka karatasi mezani. "Hapa umeandika kila seli ichungwe peke yake. Hili uliliona lini?"

"Nilipokuwa naandika," nikasema. "Niliporudia kufikiri."

Alinitazama kidogo, si kwa hasira. "Haya," akasema. "Nieleze basi inavyofungwa."

Nilimweleza. Alichora kwa mkono mmoja kwenye ukurasa wa nyuma wa maoni yaleyale yaliyomkosesha mtaji. Aliyarudisha masanduku yote kutoka mitumbwini, akayafungua moja moja, akaacha kabisa seli kuukuu za kompyuta, akahamia aina mpya isiyoshika moto kirahisi. Ilimchukua muda mrefu kurudi pale alipokuwa. Alirudi. Akapata cheti cha ubora, akapata mkopo wa ushirika, masanduku yake yakafika hadi zahanati zinazotunza chanjo kwenye friji na hadi kwa wenye mashine za kukoboa kahawa huku juu. Kila alipotengeneza sanduku la aina mpya aliniletea kwanza. Nami nililikagua kama mtu anayetafuta sindano aliyoimeza mtoto. Nilitamani kukuta kosa. Nilipolikuta nilimwambia, maana kunyamaza nilikuwa nimeshakuogopa. Nilipolikosa nilikaa siku nzima sina raha. Mke wangu aliwahi kuniuliza, "Kwani huyo dada akifaulu wewe unapungukiwa nini?" Mtu akisifiwa sokoni kwa kitu unachokijua vizuri kuliko yeye, unahisi kama amevaa koti lako na limemkaa vizuri zaidi.

Tulimzika Jumamosi Lipingo. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na hata hilo, Mungu anisamehe, lilinichoma kidogo: nilijikuta nahesabu ni wangapi wangekuja kwangu. Baada ya mazishi mume wake aliniita kando, karibu na ukuta wa karakana ya marehemu. Ni mtu mpole, wa maneno machache.

"Mwalimu, nakushukuru," alisema. "Bila wewe kazi ya mwenzangu isingesimama."

Sikuweza kuvumilia shukrani ile. "Shemeji, kuna jambo. Lile sanduku lililomuunguza, mimi niliona kosa lake kabla. Alinionyesha, nikanyamaza."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha. "Alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua uliona. Siku aliyokuja kwako na bandeji alirudi akaniambia, 'Mwalimu aliliona tangu siku ile, nilimwona macho yake yanasimama.' Mimi nilikasirika. Nilitaka kupanda Mbinga tuonane. Akanikataza."

"Kwa nini?"

"Alisema, 'Wanaonipenda nikiwapelekea sanduku wananiambia zuri. Mwalimu hapendi liwe zuri. Ataangalia mpaka ndani ya skrubu.'" Alifuta vumbi ukutani kwa kiganja. "Nikamwambia, 'Basi mweleze kwamba unajua.' Akasema, 'Hapana. Akijua, ataona haya, ataacha kuangalia.'"

Nimerudi na maneno hayo nyumbani na sijui niyaweke wapi. Kwa miaka yote niliyodhani ninamficha husuda yangu, yeye aliipa kazi ya kufanya. Aliitumia kama kipimo chake cha mwisho kabla sanduku halijaingia mtumbwini, na wavuvi wakarudi salama. Hata hili namwonea wivu. Mimi nilikuwa na elimu nikashindwa kuitoa nje. Yeye alichukua kitu kibaya kilichokuwa ndani yangu akakigeuza kuwa ulinzi wa watu.

Lakini nisijifariji kwa ukubwa wa moyo wake, na ninyi msinifariji kwa barua. Mkono ule uliungua. Wale akina mama wa vichanja wapo hai kwa sababu alikuwa na mbio, si kwa sababu ya kitu chochote nilichofanya mimi. Tunaongea sana, hasa sisi tunaoandika, kuhusu kinachozuia uvumbuzi wetu usifike sokoni: mitaji, sheria, barabara, umeme wenyewe. Yote ni kweli. Sijawahi kusoma mahali wanapotaja mtu anayejua, anayekaa mezani na mvumbuzi, anayeona kosa na kufunga mfuniko akisema hongera. Yupo kila wilaya. Ana cheti ukutani na anasalimiwa shikamoo.

Kwa hiyo ninachokuomba, msomaji wangu, ni kidogo. Sikuombi uache wivu. Mimi nimeshindwa, na ninaandika haya nikiwa bado nao. Mwenzako akikufungulia kazi yake ukaliona kosa, mwambie palepale, akiwa bado amesimama mbele yako, hata kama unamwambia kwa roho mbaya. Roho yako utashughulika nayo baadaye ukiwa peke yako. Kosa halisubiri.