Walivyoyumba Mbele ya Padri

Naandika sentensi hii ya kwanza kwa mara ya sijui ngapi. Ndivyo nilivyo: nikikosa neno moja, roho haitulii. Tabia hiyo niliipata chuoni, hapa Kasongo, nilikosomea Kurani nikiwa mdogo. Tuliketi mkekani, ubao magotini, tukiyumba mbele na nyuma huku tukikariri, na aliyekosea alianza upya.

Baadaye baba, muuza chumvi na mchele, alinikubalia niende pia kwa watawa wa misheni, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo msichana angejifunza kuandika. Kila asubuhi tulianza na katekisimu. Mimi niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa dini ya watu, basi nikaikariri yote, maswali na majibu. Mtawa aliyetufundisha alifurahi mno. Kwake, mtoto anayejibu hivyo ameshaamini. Akaniweka pamoja na wale watakaobatizwa Pasaka.

Wenzangu, waliotuita sisi Waislamu wa mjini Wangwana, walinizunguka wakicheka. "Utaitwa nani sasa? Chagua jina refu, Mungwana wee, unapenda sana maneno!"

Nyumbani baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini. "Kusoma, soma. Lakini wakikubatiza, umehama nyumba hii. Na kama hawakutaki bila maji yao, kaa na mama yako mpepete mchele."

Sikula jioni ile. Nilitaka vyote viwili, nyumba na shule, na sikujua kama mtu anaruhusiwa kutaka hivyo.

Kesho yake nilibaki darasani wengine walipotoka. "Masera," nikamwambia mtawa, "majibu ninayajua. Lakini mimi ni Mwislamu." Hakuna aliyewahi kunikaririsha jibu hilo.

Nilidhani atanionyesha mlango. "Wenzako wanataka kubatizwa na hawayajui majibu," akasema. "Padri atawauliza mwenyewe. Wafundishe. Habari ya kubaki kwako ataamua yeye."

Nikawafundisha nyuma ya jiko la misheni, kwa namna pekee niliyoijua: ukikosea, unaanza upya. Mmoja wao, binti wa wakulima wa pamba kutoka upande wa Kabambare, alikaribia kulia. "Dada, hii kazi iko nguvu! Mungu mwenyewe hana ukali kama wako!"

Siku ya mtihani nilisimama barazani, karibu na mlango. Padri akauliza swali la kwanza. Wasichana wakajibu kwa sauti moja, wakiyumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, safu nzima, kama watoto wa chuoni. Sikuwa nimewaambia wayumbe. Sikujua hata kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikiyumba nilipowafundisha. Nilijua shule yangu imeishia pale.

"Nani amewafundisha?" padri akauliza. Alikuwa amezeekea Kasongo, na chuo chetu alikipita kila alipokwenda sokoni.

Binti wa Kabambare akaelekeza kidole mlangoni. "Yule Mungwana, Padiri. Mukali sana!"

Nikaitwa ndani. Mtawa alikuwa mwekundu usoni. Padri alinitazama, nikaona ndevu zake zinatikisika, na kumbe alikuwa anacheka. "Hakuna aliyekosa hata neno," akasema. "Mwaka ujao kuna wengine. Huyu abaki, na asiulizwe tena habari ya maji." Kisha akawageukia wale wasichana: "Lakini kanisani musiyumbe. Mutaniyumbisha na mimi."

Baba aliposikia alicheka mpaka akafuta macho, halafu akanijazia kikapu cha mchele mpya nimpelekee mtawa. Asubuhi ya Pasaka nilisubiri nje ya kanisa na kikapu changu kichwani. Walipotoka, na nguo zao nyeupe, binti wa Kabambare alinikimbilia akiita, "Mwalimu!"

Nilibaki mpaka darasa la mwisho la wasichana, ambalo halikufika mbali. Mengine nimejifunza peke yangu, katika magazeti ya zamani ambayo baba hufungia chumvi. Lakini kalamu nilishikishwa pale, na watu walioniacha niwe nilivyo. Shukrani hii pengine sikuiandika sawasawa. Safari hii sianzi upya.